Kaseti Tatu Kwenye Stesheni ya Likasi

Mwaka wa tisini na moja, mtu wa Likasi, mji wa migodi ya shaba huko Katanga, akitaka kununua kaseti kwa Damas, hakuwa na haja ya kutazama jalada. Aliinamia meza na kuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia hali ya mgonjwa: "Henriette anasema nini?"

Duka la Damas lilikuwa karibu na soko la Kikula. Kilikuwa chumba kimoja tu, chenye mashine mbili za kunakili na spika iliyopasuka, iliyofanya kila gitaa zito litoke na mkwaruzo. Nyuma ya meza aliketi Henriette Mbombo, mwanamke mrefu aliyekwisha kuvuka thelathini, ambaye ndoa yake ilimshinda mapema naye akarudi kuishi na mama yake. Kazi yake ilikuwa kunakili kaseti. Lakini huwezi kunakili kaseti bila kuisikia, na Henriette hakujua kusikia kitu kisha akanyamaza.

"Upande wa kwanza chukua," angemwambia mteja. "Upande wa pili walikuwa wamechoka, wanataka kwenda kula."

Siku moja mwimbaji wa bendi ya harusi alileta kaseti yake mwenyewe, akasimama pale kifua mbele akingoja sifa. Henriette aliisikiliza yote. "Sauti iko muzuri, papa," alisema. "Lakini unaimba sawa muntu mwenye anajitazama mu kioo." Yule bwana aliondoka akitukana. Damas alishika kichwa. "Weye utanifukuzia wateja!" Lakini wateja waliongezeka, maana mji ulikuwa umejaa watu wanaosema uongo, na mahali pa kupata neno la kweli, hata kama ni juu ya ngoma tu, palikuwa pachache.

Mwishoni mwa mwaka ule wanajeshi walipora maduka na nyumba, na wazungu waliokuwa wakifanya kazi migodini wakaondoka kwa haraka, wengine wakiacha chai mezani. Mpishi wa mhandisi mmoja alileta dukani sanduku la kaseti. Nyingi zilikuwa zimeliwa na unyevu. Tatu zilikuwa nzima, na Henriette alizisikiliza kwa wiki kadhaa kama mtu anayeonja chakula cha ugenini.

Ya kwanza ilikuwa ya rap, ya vijana wa pembezoni mwa Paris, waliopigwa picha wamekunja nyuso.

"Upande wa kwanza ni viatu," alimwambia Damas. "Viatu, na nani anamwogopa nani. Wanapiga kelele mbele hawajaulizwa. Lakini geuza. Kuna mahali ngoma inakatika, kijana anabaki peke yake na maneno. Anataja bantu wa jengo lao, ghorofa kwa ghorofa, nani amefungwa, nani amekufa, mama ya nani anafagia ofisi ya nani. Papa Damas, hii ni kasala!"

Kasala ni ule wimbo ambao Waluba wa Kasai humwimbia mtu, hasa msibani: jina juu ya jina, ukoo juu ya ukoo, mpaka aliyelala aonekane kama amesimama. Henriette alikuwa ameisikia tangu utotoni, kila mchimbaji mzee alipofariki.

"Huyu kijana hajui kama ni kasala," aliongeza. "Njo maana anaifanya muzuri."

Kaseti ya pili haikuwa na mwimbaji wala ngoma. Jaladani kulikuwa na ukungu, na nyimbo zilikuwa na namba badala ya majina. Sauti moja ya kinanda ilianza, ikakaa, ikakaa tena, mpaka Damas akadhani mashine imekwama.

"Iko sawa friji," alisema.

Henriette alicheka, lakini aliisikiliza hadi utepe ulipokwisha. "Haiko friji. Iko chumba. Ametengeneza chumba, ametoka, ameacha mulango wazi. Ni kazi ya fundi, siwezi kukataa. Lakini ni muziki ya muntu mwenye ameshiba, mwenye hakuna anayemugongea. Hatutauza hata moja." Na kweli hawakuuza hata moja.

Ya tatu ilikuwa pop, msichana mwenye sauti nyembamba akiimba mapenzi na ufukwe. "Sukari bila chai," Henriette alisema. "Kila wimbo unaujua mbele haujaanza. Anasema moyo umevunjika, lakini sauti imetoka tu kwa msusi." Hiyo ndiyo iliyouzwa kuliko zote, na yeye mwenyewe akainakili mpaka akaichukia.

Mwaka uliofuata maneno ya mikutano ya siasa yalianza kuingia sokoni. Ilisemwa kwamba watu wenye asili ya Kasai wamekula mkate wa wenyeji muda mrefu, sasa warudi kwao. Walipewa jina: bilulu, wadudu. Henriette alizaliwa Likasi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kuchimba shaba, akachimba mpaka mapafu yakakataa, akazikwa Likasi. Kasai aliyoijua Henriette ilikuwa ndani ya mdomo wa mama yake tu. Alipowasikia vijana wakiimba "bilulu" barabarani, jambo la kwanza lililomjia, na aliona aibu baadaye, ni kwamba waliimba kwa mpangilio mzuri.

Asubuhi moja alimkuta Damas amesimama nje ya duka, mlango umefungwa nusu. Damas alikuwa mtu wa upande wa Kambove, mwenyeji kwa baba na kwa mama, na kwa miaka mingi walikuwa wamekula sahani moja.

"Henriette, usiingie."

"Juu ya nini?"

"Walikuja jana. Wameniuliza kama niko na kilulu mu duka."

"Na weye ulijibu nini?"

Damas alitazama viatu vyake. "Nilisema nimekufukuza zamani."

Alisema taratibu, na Henriette, aliyezoea kupima sauti za watu, akasikia kwamba maneno yale yalikuwa yamefanyiwa mazoezi usiku kucha. Hakumlaumu. Kama angemlaumu ingekuwa rahisi zaidi. Damas aliingia ndani, akatoka na redio kaseti ndogo yenye mpini, na juu yake zile kaseti tatu zilizokuwa mezani pake. "Chukua. Sina kitu kingine cha kukupa."

Angeweza kukataa, akabaki na heshima yake. Mikono ilipokea kabla ya kichwa kuamua.

Kabla juma halijaisha, vijana wenye marungu walifika mtaani kwao. Waliingia nyumba kwa nyumba, wakitoa magodoro na sufuria, na mahali pengine wakiwasha moto. Henriette na mama yake, Mathilde, walitoka kwa mlango wa nyuma na godoro moja, sufuria, Biblia, na ile redio iliyofungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Walifuata umati. Umati wote ulikuwa ukielekea stesheni.

Huko walikuta maelfu ya watu. Walilala kwenye jukwaa, chini ya mabehewa mabovu, kando ya reli, mashuka yamefungwa kwenye uzio kuwa kuta. Kila mtu alikuwa anangoja treni ya kwenda Kasai, na treni haikuja. Ilisemwa inakuja kesho. Kesho ikafika, ikasemwa keshokutwa. Mvua zikaanza. Maji machafu yalipita katikati ya vyombo vya kupikia, surua ikaingia kwa watoto, kuhara kukaingia kwa wote, na kila asubuhi wanaume walipita na machela ya miti wakiuliza kwa upole, "Kwenu kuna mtu?"

Henriette hakufungua redio kwa muda mrefu. Ni nani angesikiliza muziki mahali kama pale? Lakini mama yake alipoanza kuumwa, joto likapanda na usingizi ukamkimbia, Henriette alikumbuka kaseti ya ukungu. Alijiambia, kama kuna siku ya kuhitaji chumba kitupu chenye mlango wazi, basi ni leo. Alianika betri, yale mawe ya redio, juani yapate nguvu kidogo, akaketi karibu na sikio la mama yake, akabonyeza.

Sauti ile ndefu ikatoka. Kulia walikuwa wanagombania bidoni, dumu la maji. Kushoto mtoto alikuwa anakohoa. Kinanda kilijaribu kukaa juu ya hayo yote na hakikuweza. Kilizama kama unga kwenye maji ya baridi. Mama Mathilde alifungua macho.

"Ni nini hiyo?"

"Muziki, mama. Upumzike."

"Zima." Aliushika mkono wa bintiye kwa nguvu ambayo Henriette hakujua kama bado anayo. "Zima, mutoto wangu. Iko sawa kitu kinaningoja na hakitaki kusema jina."

Aliizima. Alikuwa amesema kweli dukani, kwamba ule ni muziki wa aliyeshiba, lakini kuwa sahihi hakukumsaidia chochote. Alikaa na kaseti mkononi, akitamani kuitupa relini, na akashindwa hata hilo kwa sababu utepe ni utepe, pengine ungefaa kufungia kitu.

"Weka ile ya ujinga," mama yake alisema.

"Ipi?"

"Ya yule binti wa kulialia. Ulikuwa unaiimba nyumbani siku unaosha."

Mama Mathilde alikuwa mtu wa kanisa la maombi, mtu wa kufunga na kukesha, na maisha yake yote aliuita muziki wa dunia takataka ya Shetani. Henriette alimtazama kama amesikia vibaya. Kisha akaiweka. Sauti nyembamba ikaanza na ufukwe wake na moyo wake uliovunjika, na mama mgonjwa akaanza kutikisa kidole kimoja juu ya blanketi. Wanawake wa jirani waligeuka. Mmoja aliyekuwa amefiwa na mtoto siku chache kabla alianza kuimba kiitikio, Kifaransa chake kibovu kabisa, machozi yakimtiririka, na hakuacha kuimba.

"Hana ukweli hata kidogo," Henriette alimwambia mama yake.

"Ukweli tuko nao wa kutosha," mama yake alijibu. "Acha aimbe."

Tangu siku ile watu walianza kuja kuomba "ile ya ujinga," na Henriette akawawekea mpaka mawe ya redio yalipoanza kuchoka na binti wa ufukweni akawa anaimba kwa sauti nzito ya kiume. Hata hivyo hawakucheka. Walisikiliza.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa Cédrick, mwanamume wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa fundi umeme kwenye karakana ya shaba kabla ya kufukuzwa. Yeye hakutaka pop. Alitaka rap, na baada ya kuisikia akasema kwamba yeye pia hutunga.

"Yaya Henriette, dada yangu, bantu wanasema weye unajua. Nisikilize."

Alisimama kati ya vyombo, akapiga kifua, akaanza. Yalikuwa maneno ya Paris: treni za chini ya ardhi, polisi wenye mbwa, baridi ya ghorofa ya kumi. Pumzi alikuwa nayo. Aliyapanga maneno vizuri, wala hakukwaa. Alipomaliza, Henriette alikuwa ameshachoka kiasi kwamba hakuwa na nguvu ya kulainisha.

"Unaazima mateso ya wengine," alimwambia. "Yako iko hapa chini inaoza, na weye unaruka juu yake kwenda kuazima. Hiyo baridi ya ghorofa, umeisikia wapi? Angalia miguu yako iko ndani ya nini."

Uso wa Cédrick ulifungika. "Kumbe hata hapa unaweza kumupiga muntu," alisema, akaondoka. Majirani walimlaumu Henriette. Kijana hana kitu, walisema, ungempa hata neno moja. Alijilaumu pia, usiku na mchana, kwa sababu walikuwa na haki. Lakini hakujua namna nyingine ya kumheshimu mtu.

Mama Mathilde alifariki alfajiri moja ya mvua, akiwa ameegemea begani kwa bintiye. Alikuwa akipumua kwa shida, kisha hakuwa akipumua. Henriette alibaki ameketi hivyo mpaka wanaume wa machela walipopita na kuuliza kama kwao kuna mtu, na ilimbidi aseme ndiyo.

Walimzika nyuma ya reli, mahali palipochimbwa kwa ajili ya watu wa stesheni, ambapo makaburi yalikaribiana mno. Hapakuwa na mchungaji. Aliyekuwepo alikuwa mgonjwa. Hapakuwa na mzee wa kuimba kasala. Waliozijua walikuwa wamelala humo humo makaburini. Henriette alitazama udongo mwekundu ukirudishwa, akaona kwamba mama yake anaondoka duniani bila hata jina lake kutamkwa kwa sauti.

Ndipo akasikia mtu anapiga bidoni tupu kwa kiganja. Alikuwa Cédrick. Hakumtazama Henriette. Aliinama kidogo, akaanza, nusu Kiswahili, nusu Kiluba, kwa ule mwendo wa maneno wa vijana wa Paris lakini bila Paris ndani yake:

"Mathilde, mke wa mchimbaji, mama wa mtu mmoja! Mathilde mzaliwa wa Kabinda, aliyeletwa na treni na kukatazwa treni! Mathilde aliyepika bukari, ugali wetu, kwa kuni za stesheni—"

"Ngandajika," Henriette alisema.

Kiganja kilisimama hewani.

"Hakuzaliwa Kabinda. Alizaliwa Ngandajika. Na baba yake alikuwa mfua vyuma. Ukisema, sema vile ilikuwa."

Wazikaji walitazamana. Hata pale kaburini! Lakini Cédrick aliitikia kwa kichwa, akaanza tena tangu mwanzo, Ngandajika mahali pake, mfua vyuma mahali pake. Henriette akaongeza jina la bibi, akaongeza mto waliotekea maji, akaongeza mtaa wa Likasi alikokaa tangu kuolewa, na kila alichotoa kijana alikichukua na kukitia kwenye mwendo. Wanawake walioimba kiitikio cha pop walijibu kwa vigelegele vya msiba. Iliendelea mpaka mvua ikawafukuza.

Wakirudi, Cédrick alimuuliza, bila kugeuza kichwa, "Na sauti?"

"Umeikimbiza. Jina la muntu haliko na haraka." Kisha akasema, "Asante, ndugu yangu," na hapo tu, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akalia.

Kuanzia hapo wanaume wa machela walipopita, Cédrick alifuata nyuma na bidoni yake, na Henriette alikwenda kwa wafiwa kuulizia majina sawasawa. Kazi hiyo haikuwa na mwisho. Siku nyingine Cédrick alikauka sauti kabla ya mchana, na waliobaki wakazikwa kimya. Henriette aliona kwamba kuna wafiwa ambao hawakukumbuka tena jina la bibi yao, wala hawakujali, walitaka tu kujua kama marehemu ameacha blanketi.

Treni ilipokuja hatimaye, hakuna aliyeamini. Yalikuwa mabehewa ya wazi ya kubebea madini. Watu walipanda juu ya watu. Mwanamke mmoja wa mjini alikuwa amekuja na unga wa mahindi kwenye beseni, akitafuta vya kubadilishana na wanaoondoka, na Henriette akampa redio pamoja na kaseti zote tatu bila kuuliza atapewa kiasi gani. Hakuweza kupanda akiwa na mikono iliyojaa.

Cédrick alimvuta juu. Behewa lilipoanza kusogea, Henriette alitafuta kwa macho mahali alipozikwa mama yake. Kulikuwa na vilima vingi vidogo, na mvua ilikuwa imevilainisha vyote vikafanana.

Safari ilikuwa mbaya kuliko kungoja. Walikwama Luena kwa kukosa injini. Mahali pengine wenyeji waliokota mawe wakawarushia, mahali pengine waliokota maembe wakawapa. Cédrick alishikwa na homa ya kifua, na karibu na Kamina hakuweza tena kusema. Henriette alimwegemeza kama alivyomwegemeza mama yake. Huyu hakufa. Walipofika Mwene-Ditu aliweza kutembea, na baada ya majuma machache alifuata wanaume wengine kwenda kuchimba almasi upande wa Mbuji-Mayi. Aliahidi kurudi, kwa sauti ambayo Henriette alisikia kwamba haina ukweli, na hakumngoja.

Ndugu wa mama yake waliokaa Mwene-Ditu walimpokea, lakini walikuwa wamepokea wengi. Walimcheka kwa Kiluba chake chenye Kiswahili ndani, wakamwita mwanamke wa Katanga. Mjomba alimuuliza anajua kufanya kazi gani. Alisema, kunakili kaseti. Wakampa muhogo auze.

Alichagua kuuza stesheni, kwa kuwa treni za waliofukuzwa ziliendelea kufika. Watu waliposhuka aliwapa maji kwanza, kisha akawauliza kama wamepita kule nyuma ya reli, Likasi, kwenye makaburi, kama bado yanaonekana. Karibu wote walisema ndiyo. Yanaonekana, mama, yametunzwa, kuna misalaba. Walisema kwa huruma, macho yakiwa kwenye muhogo, na yeye alisikia katika kila sauti kwamba hawakuwahi kufika huko.

Mzee mmoja tu, aliyeshuka akishikilia ukuta, alimtazama usoni na kusema, "Hapana. Wamepitisha barabara ya magari ya mchanga. Hakuna kitu kinachoonekana."

Henriette alimketisha, akamkatia kipande kikubwa, akamwomba amweleze barabara hiyo imepita upande gani hasa. Mzee alieleza mpaka muhogo ukaisha. Kisha treni nyingine ikapiga honi ikiingia, na Henriette akainuka, akachukua ndoo yake ya maji.